Dishi la Bi Sikudhani na Siri ya Taa

Nchi ninayotaka kukusimulia huijui. Ukiona inafanana na nchi fulani, hayo ni yako na macho yako. Mimi sikutaja jina, na nikiulizwa nitakana mbele ya mashahidi. Ina mlima mmoja, na Ikulu iko juu yake. Ina daraja moja, na linazinduliwa kila mwaka. Ina Mtukufu Mlezi mmoja, ingawa kumhesabu hivyo ni kosa, kwa sababu ukishasema mmoja watu wanasubiri useme wawili.

Mimi ni Shomvi, fundi madishi wa Mtaa wa Mfereji. Sijasoma sana. Nilichonacho ni ngazi, spana namba kumi na tatu, na kichwa kinachovimba haraka kikisifiwa. Hicho cha mwisho ndicho kilichotaka kumpeleka mama wa watu gerezani. Nakusimulia kwa sababu aibu ni yangu mwenyewe, na aibu ya mtu binafsi bado haijawekewa kibali.

Mama mwenyewe ni Bi Sikudhani, jirani yangu ukuta kwa ukuta, mkunga mstaafu, umri miaka sabini na mmoja. Amezalisha mji huu miaka arobaini na mitatu. Hata mimi alinipokea yeye, na hakosi kunikumbusha kuwa nilitanguliza miguu. Alipostaafu alitaka kitu kimoja tu, kutazama tamthilia ya kigeni yenye yule dada anayepofuka kwa ajili ya mapenzi, kisha anaona tena siku ya harusi ya mwenzake. Ili kuiona hiyo lazima uwe na dishi. Nikamfungia.

Sasa, kufunga dishi kwetu kuna utaratibu wake. Fundi yuko juu ya paa, televisheni iko sebuleni, na katikati kuna dirisha lililoachwa wazi. Fundi anasogeza dishi upana wa kucha, mwenye nyumba anasoma kwenye kioo namba ya nguvu ya mawimbi, na wote wawili wanapaza sauti.

"Ngapi, mama?"

"Sitini na mbili."

"Na sasa?"

"Arobaini na nane. Ulikuwa pazuri, rudi ulikotoka."

"Hapa je?"

"Imekufa. Sifuri."

"Nikienda mashariki kidogo?"

"Themanini na moja. Acha hapo hapo, wala usipumue."

Mtaa mzima husikia na hakuna anayejali. Lakini mwaka huo tulikuwa tumeletewa mjumbe mpya wa mtaa, bwana mmoja aliyetoka wilaya ambako nguzo za umeme zilifika miaka mingi iliyopita na umeme wenyewe bado uko njiani. Alikuwa hajawahi kuona dishi likifungwa. Alisimama nyuma ya choo cha jirani na daftari lake, akaandika kila kitu: mwanamke yuko ndani anatoa namba, mwanamume yuko juu anaelekeza sahani mbinguni.

Daftari likapanda mlimani. Huko wataalamu wa usalama walilichambua siku tatu. Sitini na mbili wakaona ni umri wa Mtukufu aliokuwa nao mwaka jana na ambao ataendelea kuwa nao. Themanini na moja ni magari ya msafara wake. Arobaini na nane hawakuijua, na hilo liliwatisha zaidi, kwa kuwa siri ambayo hata usalama hawaijui lazima iwe kubwa mno. Sifuri wakakubaliana kuwa ni idadi ya wapinzani waliobaki. Alhamisi asubuhi magari matano yakaja kumchukua Bi Sikudhani, na gari la sita likaja kuchukua dishi.

Mimi niliyekuwa juu ya paa hawakunitafuta. Taarifa ilisema "mtu aliye juu," na katika nchi yetu maneno hayo yakionekana kwenye faili, faili linafungwa kwa heshima.

*

Kosa langu la kwanza lilikuwa la rangi. Kwenye mlingoti wa kila dishi ninalofunga huwa naandika FUNDI SHOMVI na namba ya simu. Usalama walipoona maandishi hayo walidhani ni kiwanda. Wakapiga simu, wakauliza kwa adabu kama wanaongea na makao makuu. Nikasema ndiyo, nilikuwa nimekaa makao makuu wakati huo, juu ya ndoo.

Nikapelekwa kwa Mheshimiwa Dokta Kibangali, ambaye udaktari wake ulitangazwa redioni siku moja na bei ya sukari. Alikuwa ameteuliwa Mwenyekiti wa Kamati Teule ya Taifa ya Kuchunguza Mwelekeo, Nia na Uwezo wa Dishi. Akanikaribisha kiti kinachozunguka. Nilikuwa sijawahi kukaa kiti kinachozunguka. Nilizunguka mara mbili kabla sijajikamata.

"Fundi," akasema, "taifa lina swali moja tu. Dishi la nyumbani linaweza kurusha data?"

Jibu nilikuwa nalo, tena fupi. Dishi la nyumbani ni kikombe cha kukingia. Mawimbi yanashuka kutoka setilaiti, sahani inayakusanya, kile kichwa kidogo kilicho mbele kinayapokea na kuyapeleka kwenye king'amuzi kwa waya. Basi. Kurusha kitu kirudi juu kunataka mtambo mwingine wenye nguvu zake, kama ule ulio juu ya benki kuu, na hata sahani yake huwa na kichwa cha aina nyingine. Cha Bi Sikudhani kina uwezo wa kurusha sawa na bakuli la uji. Nilitakiwa kusema hapana.

Lakini niliangalia mezani nikaona kadi imekwisha kuandikwa jina langu: Mshauri Mkuu wa Taifa, Mawimbi. Nje kulikuwa na gari na dereva ameshashika usukani. Nikahisi kwamba mtu anayesema hapana anapewa nauli ya kurudi nyumbani, na mtu anayesema ndiyo anaulizwa maswali zaidi. Nikakohoa. Nikazunguka robo.

"Inategemea, Mheshimiwa," nikasema.

Dokta Kibangali alifumba macho kwa raha. Akaniambia kuwa amehoji maprofesa wanne, wote wamesema hapana kama watu wasio na shule, na mimi ndiye mtaalamu wa kwanza. Siku hiyo nilirudi nyumbani na gari, nikapita mbele ya mlango wa Bi Sikudhani uliofungwa kwa lakiri, na kioo cha gari nilikipandisha ili nisiuone. Kilikuwa kioo cheusi kizuri sana.

*

Kamati ilikuwa na wajumbe saba pamoja na mimi. Siku ya kwanza tuliandika mapendekezo, kwa sababu mpiga chapa alikuwa anakwenda likizo. Tulipendekeza Bi Sikudhani afungwe miaka kumi na mitano na dishi liharibiwe hadharani. Siku ya pili tukaandika shukrani. Siku ya tatu mtu mmoja akakumbuka uchunguzi.

Hapo ndipo Mwenyekiti alipotoa wazo la jaribio. Dishi la mtuhumiwa lingefungwa kwenye uwanja wa Kamati. Dishi hilo lingeambiwa siri moja ya taifa. Wanajeshi wangekaa kwenye mipaka minne na redio, wasikilize kama siri inapita juu kwenda nje ya nchi. Ikisikika, dishi limerusha.

"Siri iwe ya uongo, Mheshimiwa?" nikauliza, angalau nionekane nimesema.

"Siri ya uongo ni nyepesi," akajibu. "Tukituma nyepesi ikashindwa kufika, adui atasema jaribio halikuwa la kisayansi."

Tukaletewa siri ya kweli kutoka Ikulu ndani ya bahasha tatu, moja ndani ya nyingine. Ilikuwa ndogo kuliko zote zilizokuwepo. Mwenyekiti alitakiwa kuinong'oneza kwenye kichwa cha dishi, lakini kunong'ona ni chini ya cheo chake, kwa hiyo aliisoma kwa sauti ya hotuba, akiwa ameshika kichwa cha dishi kama kipaza sauti:

"Kwa mamlaka niliyopewa, naliarifu dishi hili kwamba Mtukufu Mlezi wa Taifa hawezi kulala taa ikizimwa."

Wajumbe sita tuliangalia viatu vyetu. Nilielewa ghafla kwa nini mgao wa umeme unazunguka mji mzima na haujawahi kugusa mlima. Nikajiambia, Shomvi, hili utazikwa nalo. Tulikula kiapo, tukasaini, tukapigana mihuri.

Wanajeshi walisikiliza siku nne. Walisikia taarabu ya nchi jirani na mahubiri. Siri haikupita.

Mimi, kwa upande wangu, nilidumu saa mbili na nusu. Nilifika nyumbani, mke wangu Mwajabu akapakua ugali na kisamvu. Mwajabu akiona nina neno haulizi, ananiangalia tu huku anamega.

"Mume wangu leo huli," akasema.

"Nakula."

"Unatafuna tonge moja tangu nimekaa. Haya, nimeuliza nini? Sijauliza."

Sijui ilitokaje. Nilisikia sauti yangu inasema, na ilikuwa na raha ndani yake, raha ya mtu mdogo aliyekaribishwa jikoni kwa wakubwa. Nilimwapisha. Naye akaapa, na nina hakika alishika kiapo chake mpaka kesho yake alipopeleka gauni kwa fundi cherehani.

Kufika Ijumaa, mji mzima ulikuwa unacheka kwa ndani. Watoto waliulizana nani anaogopa giza, na mama mmoja sokoni alikuwa anauza mishumaa akisema hii ni saizi ya Ikulu. Mwenyekiti aliitisha kikao cha dharura, uso umemng'aa.

"Waheshimiwa, jaribio limefaulu," akasema. "Siri liliambiwa dishi peke yake. Sasa inajulikana na kila mtu. Dishi limerusha."

Sote tukapiga makofi. Mimi nilipiga zaidi ya wote, na nikawa wa mwisho kuacha.

*

Nilikwenda mahabusu kumwona Bi Sikudhani. Kama Mshauri Mkuu niliruhusiwa dakika kumi za kumpima mionzi. Nilimkuta amekaa kwenye benchi la saruji, kanga moja kajifunga, nyingine kaikunja chini ya goti linalomsumbua. Alikuwa amepungua. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba, kisha nikaanza kulia.

"Unalia nini, Shomvi? Mimi ndiye niliyefungwa."

Nikamwambia yote. Kwamba dishi haliwezi kurusha na nilijua tangu siku ya kwanza. Kwamba siri niliitoa mimi, nyumbani kwangu, na kisamvu mdomoni. Nilijiona mchafu kuliko nilivyowahi kujiona maishani. Na hata hapo, huku machozi yananidondoka kwenye suti ya serikali, nilimwomba asimwambie mtu, kwa sababu anayetoa siri ya Mtukufu anafungwa miaka ishirini. Hebu niambie, ni mwanamume wa aina gani huyo? Ni mimi.

Aliichomoa kanga ya chini ya goti, akaikunja upya.

"Nikifungwa miaka kumi na mitano nitatoka na themanini na sita," akasema. "Sitoki, mwanangu. Nitafia humu. Wewe unalijua hilo?"

"Nalijua, mama."

"Haya. Nenda. Kwangu haitatoka."

Akanigeuzia mgongo, akalinyoosha goti. Dakika zilikuwa zimebaki sita lakini niliondoka, nikapanda gari, nikapandisha kioo.

*

Kesi ilisikilizwa na Hakimu Nyamoga, mtu mfupi anayependa kusoma kila kitu mara mbili. Ukumbi ulijaa. Kamati ilikaa mstari wa mbele na dishi likawekwa kizimbani, ila lilikuwa halisimami vizuri, likaegemezwa kwenye kiti. Mwenyekiti alihutubia saa moja na nusu juu ya hatari za vitu vya mviringo. Kisha hakimu akamgeukia Bi Sikudhani.

"Mshtakiwa, una la kusema kabla sijasoma hukumu, ambayo imekwisha kupigwa chapa?"

Bi Sikudhani alisimama polepole. Aliutazama ukumbi mstari kwa mstari, bila haraka, akikagua watu kama wodi.

"Nusu ya mliomo humu niliwapokea kwa mikono hii," akasema. "Nawajua mlizaliwa mwezi gani, na najua harusi za wazazi wenu zilikuwa mwezi gani. Najua nani alifanana na nani alipotoka, kabla hajaoshwa. Najua waliokuja mlango wa mbele na walioingizwa kwa nyuma na shuka kichwani. Miaka arobaini na mitatu nimekaa na mambo yenu. Naomba mtu mmoja asimame aseme lake liliwahi kutoka."

Hakuna aliyesimama. Hakimu Nyamoga alikuwa ameshika kalamu na haandiki. Mwenyekiti alipangusa shingo kwa leso.

"Basi ndiyo leo nishindwe na taa," akamalizia, akakaa.

Mpaka anakaa nilisubiri aseme jina langu. Lakini hakusema, na wala hakunitazama, na hapo ndipo niliposhindwa kabisa kukaa. Angenitaja ningekana, nakwambia kweli. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kukana tangu asubuhi. Kwa kunyamaza kwake sikuwa nimejiandaa.

Hakimu aligeuza karatasi. "Kwa kumbukumbu tu," akasema, "mtaalamu wa taifa alipoulizwa kama dishi linaweza kurusha data alijibu inategemea. Haikuandikwa inategemea nini. Mtaalamu afafanue."

Nilisimama. Miguu ilitangulia, kama kawaida yake.

"Inategemea mtu, Mheshimiwa Hakimu. Dishi linapokea tu. Halijawahi kurusha hata neno moja. Siri ya Mtukufu nimeitoa mimi, nilimwambia mke wangu wakati wa chakula. Na siku ya namba zile, aliyekuwa juu ya paa ni mimi. Namba zilikuwa za kutafuta picha."

Nilitazama wajumbe wenzangu nikitegemea hasira. Nikaona kitu kingine kabisa, nikaona wote watano na Mwenyekiti wao wanashusha pumzi, kila mmoja kivyake, kwa siri.

*

Hakimu alijifungia saa tatu na vitabu vya sheria. Akarudi na hukumu mpya iliyoandikwa kwa mkono.

"Kanuni ya nne ya Kamati inasema mjumbe hawezi kuvujisha siri," akasoma. Akasoma tena. "Haikusema haruhusiwi. Imesema hawezi. Kwa hiyo kilichovujisha siri hii hakikuwa mjumbe. Mahakama imesikia kwa masikio yake kwamba kilipokea neno uwanjani na kikalitoa nyumbani kwake bila kubadilika. Kitu kinachopokea na kutoa ni chombo cha mawasiliano. Mahakama inamwachia huru mshtakiwa, inaamuru arudishiwe dishi lake, na inaagiza Shomvi asajiliwe."

Ndivyo nilivyosajiliwa. Nina cheti kinachosema mimi ni chombo cha kurushia, daraja la nyumbani, namba moja, na cheti hicho ndicho ushahidi pekee uliomtoa Bi Sikudhani. Nina kibati chenye namba ninachotakiwa kuvaa kifuani kwenye harusi na misiba. Kila mwaka wanakuja wakaguzi wawili kunimulika tochi mdomoni na masikioni. Gari lilirudi mlimani siku hiyo hiyo, na kiti kinachozunguka kilipewa mjumbe wa mtaa, ambaye sasa ndiye Mshauri Mkuu.

Nilidhani yamekwisha. Wiki ya pili nikasikia hodi ya mlango wa uani. Alikuwa mjumbe mmoja wa Kamati, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi. Alikaa kwenye kinu, akahema, akaniambia kwamba na yeye alilitoa lile la taa, siku ile ile, tena kabla yangu. Akanitajia na aliyemwambia. Kisha akaondoka mwepesi, anapiga mluzi. Siku mbili baadaye akaja wa pili. Mwezi haukuisha wakawa wamekuja wote sita, mmoja mmoja, Mwenyekiti akiwa wa mwisho. Nilimuuliza haogopi kunieleza.

"Nimwogope nani?" akasema. "Kiapo kinakataza kumwambia mtu. Wewe ni chombo."

Tangu hapo wanakuja na mengine. Wakubwa wa nchi hii wamejaa, hawana pa kumimina, na kisheria mimi si mtu. Jumanne wanakuja wa fedha, Jumatano wa ulinzi. Nimeambiwa mambo ambayo lile la taa ni mchezo wa watoto. Natoa kigoda, nasikiliza, nawasindikiza hadi uani.

Na sisemi. Nashangaa mwenyewe. Nikitaja hata mmoja wa wale sita, itajulikana kuwa wajumbe wanaweza, kanuni ya nne itaanguka, cheti changu kitaanguka nayo, na magari matano yatarudi kwa Bi Sikudhani. Kwa hiyo nabana meno. Kunauma, sikudanganyi. Ulimi unapata joto.

Jana Mwenyekiti alikaa saa nzima. Alipotoka, Mwajabu akapakua, akakaa mbele yangu, akaanza kumega huku ananiangalia. Upande wa pili wa ukuta Bi Sikudhani alikuwa amefungulia tamthilia yake, yule dada amepofuka tena.

"Mume wangu leo huli," akasema Mwajabu.

Nikamwomba anisogezee chumvi.